Msiwaambie Wakulima wa Bugarama Kwamba Hawana Imani

"Mtoto wa Mfalme halali njaa. Ukiona umekwama, kagua imani yako." Maneno hayo yalitoka kwenye spika za kanisa moja hapa katika bonde la Bugarama, Rwanda, Jumapili iliyopita, na waumini wakaitikia amina. Yananichoma mpaka leo, kwa sababu walioitikia nawafahamu: wengi wao ni wakulima wa mpunga.

Tukumbushane basi. Mwaka 2024 mpunga wa bonde hili ulivunwa, ukapurwa, ukaanikwa, halafu ukakaa kwa kukosa mnunuzi. Kilio kikafika Kigali, na tarehe 14 Agosti Rais Kagame akalitaja jambo hilo mbele ya wabunge waliokuwa wakiapishwa. Sasa nauliza: wakulima wale walipungukiwa imani gani? Walishinda kwenye tope, migongo imepinda. Walifukuza ndege tangu masuke yalipochomoza. Mbolea walikopa. Walisali pia, na mpunga ukazaa vizuri! Kilichokosekana ni soko, na ukosefu wa soko si pepo la kukemewa madhabahuni.

Utaambiwa, "Mbona Ibrahimu alikuwa tajiri?" Alikuwa tajiri, ndiyo. Na Lazaro, yule maskini mwenye vidonda vilivyolambwa na mbwa, alipokufa alipelekwa kifuani pa Ibrahimu huyohuyo. Ukurasa huo wahubiri wetu wanauruka kila mwaka.

Jirani yangu mmoja alipewa bahasha ya kaki kanisani, akaandika jina lake juu kwa kalamu ya bluu, akatia faranga alizokuwa ameweka kwa ajili ya karo. Aliambiwa hiyo ni mbegu. Muhula ulipofunguliwa, mwanawe akarudishwa nyumbani. Alipokwenda kueleza kanisani, akajibiwa kwamba alipanda kwa mashaka. Mama yule aliamini! Hadi leo anajilaumu yeye, na hakuna anayemrudishia hata senti.

Hivi wale waliopigwa na radi Nyaruguru Machi 2018, wakiwa ndani ya kanisa lao la Kiadventista, tuseme nao walikuwa na mashaka? Walikufa watu wasiopungua 15. Yesu mwenyewe aliuliza swali la namna hiyo: katika Luka 13 aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Tangu mwaka huo wa 2018 serikali imefunga maelfu ya nyumba za ibada, ikidai vyoo, kinga ya radi na digrii ya teolojia kwa wachungaji. Digrii hiyo ina faida gani ikiwa mwenye nayo hajafika Luka 13?

Mkulima kutaka nyumba ya matofali na mwana aliyesoma ni haki yake, na mimi namtakia zaidi ya hapo. Ninachokataa ni kumbebesha dhambi ya bei asiyoipanga yeye. Nabii Amosi alipohubiri habari za nafaka, hakuwageukia wenye mashamba. Aliwageukia wafanyabiashara waliochezea vipimo na mizani. Mchungaji, Jumapili ijayo fungua Amosi 8, uisome kwa spika zilezile, na sauti ifike mpaka kwenye vinu vya kukobolea mpunga.