Ujasiri ni Kazi ya Maandalizi

Sisi tunaoishi Logiri tumezoea vumbi la kiangazi na matope ya mvua. Theluji ya Uganda iko mbali nasi, juu ya vilele vya Rwenzori. Hata hivyo, twathubutu kusema kwamba askari na polisi wana somo la kujifunza kwa mtu ambaye kazi yake ni kuteremka milima ya theluji, mbao mbili zimefungwa miguuni.

Wengi humdhania mtu huyo kuwa mwendawazimu asiyejali maisha yake. Dhana hiyo si sahihi. Mteremko wa Streif, huko Kitzbühel nchini Austria, una urefu wa mita 3,312, na washindani hufikia mwendo wa kilomita 140 kwa saa. Mwaka 1997 Fritz Strobl aliumaliza kwa dakika 1 na sekunde 51.58. Katika muda huo hakuna nafasi ya kushauriana na moyo. Kufikiri kote hufanywa kabla. Mshindani huikagua njia polepole, kona kwa kona. Huiteremka kwa mazoezi. Kisha hufumba macho na kuipita tena akilini, mkono wake ukichora kila kona hewani. Hofu anayo, lakini ameipa kazi: humwonyesha mahali panapohitaji kukaguliwa mara ya pili.

Baadhi yao ni watu wa sare kama sisi. Sofia Goggia wa Italia ni mwanamichezo wa Guardia di Finanza, polisi wa fedha wa nchi hiyo. Alitwaa dhahabu ya mteremko katika Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018. Januari 2022 aliumia goti huko Cortina. Siku 23 baadaye akapata medali ya fedha Beijing. Siku hizo hazikuwa za kujihurumia, bali za matibabu na mazoezi.

Wala asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 1998, akakulia Austria. Huko PyeongChang aliiwakilisha Kenya, akawa wa 38 katika super-G, mashindano ya kasi yaliyo jirani na mteremko. Nafasi ya 38 haina medali, lakini mlima haukumpunguzia ukali kwa kuwa alizaliwa pwani. Ilimpasa kujitayarisha kama mshindi. Anayejitayarisha kwa ajili ya makofi ataacha siku makofi yatakapokoma. Anayeiheshimu kazi yake ataendelea. Moyo huo haukosekani kwetu: Arua ndiyo iliyomlea Dorcus Inzikuru, bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Helsinki mwaka 2005.

Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari. Askari anayekwenda doria usiku kuelekea Koboko bila kukagua silaha, redio na njia, akisema "tutaona huko huko", si shujaa, bali ni mzigo kwa kikosi chake. Mtelezaji akikosea, mara nyingi huumia peke yake. Sisi tukikosea, huumia mwenzetu aliye ubavuni na raia aliyelala akitutegemea. Basi na tukague leo, kungali mapema, ili saa ya hatari itukute tumekwisha kuijua njia.