Petroli au Dizeli: Gari Lipi Lina Raha Katika Milima Yetu?



Kila mwaka bonasi ya chai ikitoka, habari ni ileile katika skimu zetu za Borabu: fulani amenunua gari. Majirani huja kulitazama. Mmoja hufungua boneti, mwingine hupiga tairi teke, na wa tatu huuliza swali linaloleta ubishi mpaka chai ikapoa katika vikombe: "Ni la petroli au ni la dizeli?"

Swali hilo ni zuri, lakini majibu yake mara nyingi si mazuri. Wapenda petroli husema kwamba gari la dizeli ni trekta lililowekewa viti. Wapenda dizeli husema kwamba gari la petroli ni la karani wa mjini, halimfai mtu mwenye shamba. Kila upande husema kwa moyo wote, maana husema juu ya raha ya kuendesha, na raha haina mizani.

Pengine utaniambia kwamba raha ya kuendesha si jambo la mkulima. Mimi nasema ni jambo lake kabisa. Dereva anayeshindana na gari lake mlimani huchoka, na dereva aliyechoka ni hatari kwa watu. Tena mtu akinunua gari kwa sababu jirani alilisifu, naye hana kazi nalo, shamba ndilo litakalolipa. Kwa hiyo yafaa tuipime raha hiyo kama tunavyopima mbolea.

MOTO WA CHECHE NA MOTO WA KUBANA

Katika injini ya petroli, hewa na petroli hubanwa pamoja mara 10 hivi, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huo huwaka. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa peke yake hubanwa mara 15 hadi 20, nayo huwa moto sana. Ndipo dizeli inyunyizwapo ndani, ikawaka yenyewe. Jina lake limetoka kwa Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897. Mwaka 1936 ilitoka Mercedes-Benz 260 D, nayo dizeli ikaingia katika magari madogo ya kuuzwa. Hata Land Rover, ambayo wazee wetu waliizoea sana, ilianza mwaka 1948 kwa petroli, ikapata injini ya dizeli mwaka 1957.

Kwa kuwa dizeli hubana sana, vyuma vyake hufanywa vinene na vizito, na kitu kizito hakipendi kuzunguka mbio. Injini ya petroli huweza kuzunguka mara 6,000 kwa dakika bila kunung'unika, lakini dizeli nyingi za magari madogo huishia 4,500 hivi. Walakini nguvu ya kuvuta ya dizeli yenye turbo huja mapema, kati ya mizunguko 1,500 na 2,500. Petroli ya kawaida hutaka 4,000 hivi ndipo itoe uwezo wake wote.

Basi ladha zao hutengana hapo. Dizeli ni kama fahali wa jembe: hana haraka, lakini ukimfunga mzigo huondoka nao. Petroli ni kama kijana mwenye mbio: mwite tu, naye amekwisha fika, ila usimtwike gunia.

TUWE NA HAKI KWA PANDE ZOTE MBILI

Anayesema kwamba petroli haiwezi barabara mbovu na akumbuke mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka wa 1963 na ule wa 1968 mvua na matope yalikuwa makubwa hata magari 7 tu yakafika mwisho. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Magari hayo yote yalikuwa ya petroli. Pua ya gari la petroli ni nyepesi, na hugeuka upesi katika kona. Injini yake ni tulivu, nayo hupanda sauti kwa utaratibu unapokanyaga mafuta. Leo tazama Probox zinazopita Keroka kutwa. Nyingi ni za petroli, na madereva wao huzipenda.

Anayesema kwamba dizeli haina mbio naye akumbuke mwaka 2006. Mwaka huo gari la dizeli la Audi lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, na ilikuwa mara ya kwanza kwa dizeli kushinda huko. Kwa hiyo dharau haifai, huku wala huko.

MLIMA UNASEMA NINI?

Hapa kwetu kuna shahidi mmoja asiyesema uongo, naye ni mlima. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700, na ukipanda kuelekea magenge ya Manga unakaribia mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, na injini huishi kwa hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu 1 ya nguvu zake katika kila 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake ni kwamba juu huku imekwisha kupoteza karibu moja ya tano kabla hujapakia hata debe moja.

Jambo hili wengi hawalijui. Mtu huona dizeli ikipanda vizuri, akasifu dizeli, lakini mara nyingi anayestahili sifa ni turbo, ambayo husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Dizeli nyingi za siku hizi zinayo, na petroli nyingi zilizo kwetu hazina. Dizeli ya zamani isiyo na turbo hutweta kama nyingine yoyote. Basi ukienda kununua, usiulize mafuta tu. Uliza na turbo.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na mlima huo. Nilikuwa na pikapu ya petroli isiyo na turbo. Mwezi mmoja wa Februari nilipakia Kisii magunia 20 ya mbolea ya kilo 50, yaani tani nzima. Nilipanda kwa gia ya kwanza, mguu ukiwa chini kabisa, na injini ikilia. Rejeta ilichemka. Mara mbili nilisimama, nikaweka jiwe nyuma ya tairi na kungoja. Katika kusimama kule pikapu kuukuu ya dizeli ilinipita kwa gia ya pili, nayo ilikuwa na mzigo kama wangu. Dereva wake alikuwa ameweka kiwiko dirishani, akanipungia mkono. Sijasahau mkono ule.

Nikauza yangu, nikanunua ya dizeli kutoka ng'ambo. Siku ya kubeba mbolea nilifurahi kweli. Lakini mbolea hubebwa siku ngapi kwa mwaka? Siku nyingine zote nilikwenda kilomita 3 mpaka shule, na kilomita 4 mpaka sokoni. Asubuhi injini iliguruma, na kabla haijapata moto nilikuwa nimefika na kuizima. Dizeli mpya huwa na chujio la masizi katika ekzosi, na chujio hilo hutaka mwendo mrefu wenye moto ili lijisafishe. Langu halikuupata mwendo huo, likaziba. Fedha nilizolipa gereji zingalinunua ndama mzuri. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimenunua mkono wa yule dereva, si gari nililolihitaji.

HESABU YA FEDHA

Wengi hununua dizeli kwa kusema kwamba ni rahisi. Tuhesabu. Bei za juu za mafuta hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Oktoba 2023, Nairobi, petroli ilikuwa Sh. 217.36 kwa lita na dizeli Sh. 205.47, tofauti isiyofika Sh. 12. Faida kubwa ya dizeli haimo katika bei. Imo katika mwendo, kwa sababu lita moja ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita ya petroli kwa karibu sehemu moja katika kumi, na injini yake huitumia vizuri zaidi.

Chukua mfano wa gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita na la dizeli linalokwenda kilomita 15. Ukienda kilomita 1,000 kwa mwezi, kwa bei zile dizeli itakuokolea kama Sh. 4,400. Hiyo ni fedha. Lakini ukienda kilomita 300 tu, itakuokolea kama Sh. 1,300, na nozeli moja ikiharibika inaweza kula akiba ya miezi mingi. Dizeli humlipa mtu aendaye mbali na abebaye mizigo. Asiyefanya hivyo hailipi.

Tena jihadhari na mafuta yaliyochanganywa. Mwaka 2018 serikali ilitoza Sh. 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa au petroli yakiingia humo, vyuma husagana. Nunua katika kituo unachokijua, uweke risiti. Mwambie mjazaji kwa sauti, "Dizeli," ukisimama hapo hapo na kutazama. Na ikiwa ameweka makosa, usiwashe gari kabisa. Lisukumeni kando, mafuta yatolewe.

RAHA YA UONGO

Sasa nataka kusema juu ya raha moja ambayo naichukia. Gari likifika juu ya mteremko, dereva hutoa gia, au hata huzima injini, akaliachia gari lishuke lenyewe. Hakuna kelele, upepo unavuma dirishani, naye anadhani anaiba petroli kutoka kwa mwenye kituo. Huyo anaiba maisha yake mwenyewe na ya abiria wake.

Injini ikizimwa, msaada wa breki hupotea baada ya kukanyaga mara chache, na kanyagio huwa gumu kama jiwe. Usukani huwa mzito, na ukitoa ufunguo huweza kujifunga. Hata injini ikiwa hai, gari lisilo na gia huziachia breki kazi yote. Breki hupata moto, na breki zenye moto mwingi hazishiki. Kwenye udongo wetu mwekundu wakati wa mvua hakuna wa kukuokoa.

Na akiba yenyewe haipo. Injini za siku hizi, za petroli na za dizeli, hukata mafuta zenyewe unaposhuka ukiwa katika gia bila kukanyaga mafuta. Ukitoa gia, injini hulazimika kunywa ili isizimike. Basi mwenye kutoa gia ndiye anayetumia zaidi. Shuka kwa gia ndogo, na injini ikushikie gari. Mwenye tani moja nyuma yake na afanye hivyo hata kama amechelewa.

MAONI YANGU

Sasa utaniuliza, "Bwana mwandishi, ninunue lipi?"

Nasema hivi: kabla ya kwenda mjini, nunua daftari. Kwa siku 30 andika kila safari, umekwenda kilomita ngapi na umebeba nini. Ikiwa zaidi ya nusu ya siku hizo ulikuwa na mzigo mzito au mwendo mrefu, kama mtu anayepeleka ndizi Daraja Mbili kila siku ya soko, nunua dizeli yenye turbo wala usione haya. Kila ukipanda utafurahi.

Lakini nadhani madaftari mengi katika skimu yatasema neno jingine. Chai yetu huchukuliwa na lori la kiwanda kutoka kituo cha kununulia. Makopo mawili ya maziwa hayataki dizeli. Kinachobaki ni watoto, soko, kanisa na hospitali. Kwa kazi hizo gari dogo la petroli ni jepesi, ni tulivu, ni rahisi kutengenezwa, na lina raha zaidi kwa dereva na kwa mama aliyekaa kando yake. Siku ya mbolea, shirikianeni watu wanne, mkodi lori la dizeli. Dereva wake na aupungie mlima mkono, nanyi mlipe robo kila mtu.

Raha ya kuendesha ni gari kulingana na kazi yake. Injini isiyolia mlimani, breki zisizonuka mteremkoni, na deni lisilokuamsha usiku: mwenye vitu hivyo vitatu anaendesha vizuri, liwe la petroli au la dizeli.