Mzee akisahau, mpimeni sukari kwanza

Hapa kwetu Misunkumilo, mzee akianza kusahau kama ameshaswali, au akapotea njia ya msikitini, wengi husema ni uzee tu. Wengine humsingizia jirani uchawi. Hilo la pili ni dhulma, na yote mawili humchelewesha mzee kupata tiba.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya damu inayolisha ubongo, na kumbukumbu hufifia polepole. Lakini mwenye kisukari akichanganyikiwa ghafla, akatoka jasho na kutetemeka, huenda sukari imeshuka, hasa akichoma insulini au akimeza baadhi ya vidonge bila kula. Kama anaweza kumeza, mpeni haraka maji ya sukari au asali, kisha chakula. Akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Asali yetu ya Inyonga ni neema, lakini nayo ina sukari. Mgonjwa asiilambe kila siku akidhani haimdhuru.

Tena, anayesahau anaweza kumeza dawa mara mbili. Dawa zake azishike mmoja wenu. Na Ramadhani asifunge kabla ya kumuuliza daktari. Suratul Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Ndugu zangu, kumtumikia mzazi ni ibada. Mpelekeni akapimwe wiki hii, msingoje apotee njia. Wabillahi Tawfiq.