Kompyuta ikiganda usiku, nani ataiamsha?

Usiku mmoja redio yetu ilinyamaza mpaka alfajiri. Umeme ulikuwepo na mtambo ulikuwa mzima. Kompyuta inayopiga vipindi ndiyo iliyoganda, na fundi alikuwa amelala.

Dawa ipo. Ni kifaa kidogo cha kuhesabu muda, tukiite mlinzi. Kila baada ya sekunde chache kompyuta hukipa ishara kwamba iko macho. Ishara ikikosekana na muda ukaisha, kifaa huiwasha kompyuta upya.

Faida yake ilionekana angani. Mei 7, 1994, kompyuta ya chombo cha Marekani, Clementine, kilichokuwa kimemaliza kupima Mwezi, ilipata hitilafu. Injini ndogo iliwaka hadi mafuta yakaisha, na safari ya kwenda kwenye asteroidi ikafutwa. Mlinzi hakuwa ametumika. Mwaka 1997, kompyuta ya Pathfinder ilikwama mara kadhaa kwenye sayari ya Mirihi, lakini mlinzi aliiwasha upya. Wahandisi wakapata nafasi ya kurekebisha kosa wakiwa duniani.

Mlinzi haponyi ugonjwa. Kompyuta inayojiwasha kila siku bado inahitaji fundi. Ila kazi haisimami wakati fundi yuko njiani.

Kwa hiyo kijiji chenu kikiletewa pampu ya sola au kioski cha maji cha kadi, ulizeni kabla ya kusaini: ikiganda, itajiwasha yenyewe? Na mlinzi wake amewashwa? Sisi wa kwetu tumeshamweka.