Daftari la Wiki: Reli Iliyoishia Kamanyola

Vijana wa pikipiki wanaongoja abiria njia-panda ya Kamanyola, wengi hawajui kwamba treni ilifika hapa. Kuanzia 1931, reli ya Kivu, CEFAKI, ilitoka Kalundu, bandari ya Uvira, ikapita bonde la Ruzizi mpaka hapa. Nia ilikuwa kuunganisha maziwa mawili. Lakini Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Kivu 1,460, na milima inaanzia hapa hapa. Treni ikakwama, mizigo ikapanda Bukavu kwa malori. Reli ilikufa kabla ya uhuru. Ningependa kuona walau kibao, na paa la kuwakinga wasafiri na jua la bondeni.

*

Bukavu, tembeeni avenyu Lumumba polepole, macho juu. Kona zimeviringwa, madirisha mengine ni duara kama ya meli, na juu yake zege jembamba limetokeza kama ukingo wa kofia. Ndiyo Art Deco, mtindo wa mji huu tangu ulipoitwa Costermansville. Waliouchora walipenda meli na treni, na mji wenye rasi tano ziwani uliwafaa. Mvua ikinyesha, mama muuza ndizi hujibanza chini ya zege lile pamoja na beseni lake. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wa nyumba hizi ulipo: zinamjali hata asiye na ufunguo.

*

Mji mwingine wenye nyumba za enzi hiyo, Asmara ya Eritrea, uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2017. Kituo chake cha petroli, Fiat Tagliero, cha 1938, kina mabawa ya zege yasiyo na nguzo. Muitalia ndiye aliyekichora. Waeritrea ndio wanaokitunza. Kwetu Bukavu, kuhusu nyumba zetu, bado nasikia, “Ni za Wabelgiji.” Hapana. Mawe yalibebwa na babu zetu.

*

Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua kuta nyingi za Bukavu. Nyundo inaharibu zaidi: ghorofa inaongezwa juu, dirisha la duara linazibwa kwa matofali. Namwelewa mwenye nyumba. Vita vimejaza watu mjini na kila parseli ina bei. Basi tupige picha na kupima kabla ya kubomoa, na ofisi ya mipango miji ianze orodha, nyumba kwa nyumba, kuanzia avenyu Lumumba.