Mlango wa Pili wa Udaktari

Wazazi wetu wapenzi, tunaulizwa mara kwa mara: binti aliyekosa nafasi ya udaktari baada ya kidato cha nne, ndoto yake imekwisha? La, hasha. Chuo Kikuu cha Nairobi, kinachofunza udaktari tangu 1967, hupokea pia maombi ya wenye shahada ya sayansi za viumbe. Basi miaka ya biolojia au biokemia pale Chiromo, Westlands, si miaka iliyopotea, mradi binti apasi vizuri.

Lakini shahada haifuti kila upungufu wa alama za sekondari, na karo ya njia hii kwa kawaida hutoka mfukoni. Kabla ya kuuza kiwanja, ulizeni kwa maandishi ofisi ya udahili ya Chuo, kisha Baraza la Madaktari kule Kilimani: je, kwa vyeti hivi atasajiliwa?

Sote hutamani mama zetu wazalishwe na daktari wa kike. Daktari huyo ni binti wa mtu aliyevumiliwa miaka. Tusiharakishe kumwambia wetu, “Yatosha.” Mola awafungulie.