Bati Peke Yake si Paa

Ndugu mkulima, ukisimama leo penye kilima cho chote katika skimu zetu na kutazama chini, utaona mabati ya kila rangi: mekundu, ya kijani, ya kahawia, na yale meupe ya zamani yaliyoanza kushika kutu. Ni jambo jema. Wengi wa wale waliopewa mashamba katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, miaka ya kwanza ya 1960, walianza maisha yao mapya katika vibanda vya nyasi. Wajukuu wao leo hulala chini ya chuma.

Lakini nina neno la kusema juu ya mabati hayo, na huenda lisiwapendeze wote. Mimi naona kwamba wengi wetu twanunua bati, hatununui paa. Mtu huuza mtamba wake mzuri, huongeza fedha za mahindi, akarudi nyumbani na gari la mabati yanayong'aa, na majirani wakampongeza. Halafu mbao za kuyabebea huziokota hapa na pale. Misumari huinunua nusu ya ile iliyotakiwa. Gata husema, "Hiyo tutaona mwakani." Mwakani ikifika kuna karo ya shule, na gata haionekani.

Mimi ni karani wa afisi ya kilimo, si fundi. Lakini meza ya karani hupitiwa na maneno mengi. Kila baada ya upepo mkali watu huja kuandikisha hasara: fulani ameezuliwa mabati kumi, fulani ishirini. Naandika idadi ya mabati. Katika fomu hakuna mahali pa kuandika misumari ambayo haikupigiliwa, wala mbao mbichi iliyojipinda mpaka msumari ukalegea. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Tuanze na bati lenyewe, maana ndilo watu wanalouliza kwanza. Unene wa bati hutajwa kwa geji, na hesabu hiyo huenda kinyume na mazoea: namba ikizidi, bati hupungua unene. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Mwenye duka akikuambia ana bati la bei nafuu sana, muulize geji, na utazame kama imeandikwa kwenye bati lenyewe. Rangi haiongezi unene. Bati jembamba hubonyea mtoto akipanda kufuata mpira, hutobolewa upesi na kutu, na upepo huweza kulipasua kichwani mwa msumari, msumari ukabaki katika mbao na bati likaenda zake.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wengi. Mtu mwenye fedha za nyumba ndogo yenye bati nene hujenga nyumba kubwa yenye bati jembamba, kwa sababu majirani huhesabu vyumba, hawahesabu geji. Chukua kalamu. Nyumba ya futi 20 kwa 30 ina futi za mraba 600. Ukiifanya futi 20 kwa 24, ni futi za mraba 480. Umepunguza sehemu moja katika tano, na mabati, mbao na misumari nayo hupungua karibu kwa kadiri hiyo. Uliza bei za geji zote mbili dukani, kisha ukae chini na mama watoto mfanye hesabu kabla ya kuchimba msingi. Chumba cha kuongezea mwaweza kukijenga baadaye. Kubadili paa zima ni kujenga upya.

Sasa mbao na upepo. Watu wengi hudhani kwamba upepo huliangusha paa. Sivyo, upepo hulinyanyua. Unapopita juu ya nyumba hulivuta paa kwenda juu, na ule unaoingia chini ya upenu na barazani hulisukuma kutoka chini. Kwa hiyo uzito wa mbao hautoshi kulishika. Ni lazima paa lifungwe: bati lishikwe na mbao za kupigilia, mbao hizo zishikwe na zile za pembe tatu zinazobeba paa, na hizo zishikwe na ukuta. Mnyororo huo ukikosa pingu moja, zilizobaki hazikufai. Nyumba nyingi zilizoezuliwa hukosa pingu ya mwisho. Fundi ameweka mbao juu ya ukuta, akaipiga misumari miwili ya kuishikilia, basi. Dai ukanda wa chuma au waya nene, utoke ndani ya ukuta chini ya ubao wa juu, uzunguke mbao na kupigiliwa pande zote mbili. Kama nyumba yako ni ya mbao au ya udongo, ufunge kwenye nguzo. Kifungo hicho ni kitu cha bei ndogo kabisa katika nyumba nzima, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.

Mbao za kupigilia bati zisiachane mno. Kwa mabati yetu haya mepesi, futi 3 kutoka mbao hadi mbao zatosha, na penye ukingo wa paa zisogezwe zikaribiane, kwa kuwa ni kwenye kingo na pembe ndiko upepo unakovuta kwa nguvu zaidi. Huko kingoni misumari iwe mingi kuliko katikati. Tumia misumari ya bati yenye kofia na mpira chini yake, na ile iliyosokotwa hushika mbao kuliko iliyo laini. Ipigiliwe juu ya mgongo wa bati, kamwe si katika bonde lake. Maji hupita bondeni, na tundu lililo bondeni litavuja hata likizibwa vipi. Mafundi wengine hupigilia bondeni kwa kuwa ni rahisi, nyundo haiteremki. Mwite ashuke.

Mbao ziwe zimekauka. Sipresi iliyopasuliwa jana na kupigiliwa leo itasinyaa, na misumari italegea bila mtu kuigusa. Upenu nao usitokeze mno. Futi 2 huukinga ukuta na mvua, lakini ukiuzidisha bila nguzo umeupa upepo mahali pa kushikia. Na paa lisilale sana. Kwa kila futi 3 za kwenda mbele, lipande futi 1 au zaidi kidogo. Mabati yapishane kwa inchi 6 hivi mwisho kwa mwisho, na kwa ubavu mgongo mmoja na nusu au miwili. Fundi akipunguza hapo ili kukuokolea bati moja, mvua ya upande itaingia.

Niseme pia juu ya mawe. Katika kila skimu utaona nyumba zilizowekewa mawe, magurudumu ya gari na vipande vya miti juu ya mabati ili yasiruke. Jiwe hushika maji na takataka chini yake, bati likala kutu hapo hapo. Na upepo wa kweli ukija, jiwe huteremka pamoja na bati, wakati watoto wamejibanza ukutani kukimbia mvua. Kilo moja ya misumari ingefanya kazi hiyo vizuri kuliko mawe yote hayo.

Sasa nawageukia akina mama wa vikundi. Miaka ya 1960, katika Mkoa wa Kati kama ulivyoitwa wakati huo, wanawake walichanga fedha kidogo kidogo na kuezeka nyumba za wanachama kwa zamu, hata vikundi vyao vikajulikana kwa jina la mabati. Ilikuwa kazi kubwa, na vikundi vingi vya leo vimefuata nyayo zile. Ombi langu ni hili: msihesabu zamu ya mwanachama kuwa imekwisha mabati yanapofika kwake. Iandikwe katika daftari la kikundi kwamba zamu moja ni mabati, misumari ya kutosha, vifungo vya ukutani, na gata ya upande mmoja angalau. Ikiwa fedha hazitoshi, kikundi kichelewe miezi michache. Najua aliye mwisho katika zamu atanung'unika. Lakini akipewa mabati matupu, atakaa nayo yameegemea ukutani akitafuta fedha za misumari, na mabati mapya yaliyolaliana yakiingia unyevu katikati hushika kutu nyeupe hata kabla hayajaona paa. Ikiwa ni lazima yangoje, yawekwe ndani, yasiguse chini, na yainamishwe kidogo ili maji yasisimame.

Gata naitaja kwa makusudi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ni mita za mraba 48, hata bila kuhesabu upenu. Mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu kwa jioni moja ya masika, ni lita 960. Toa sehemu ya tano kwa kumwagika, zabaki lita 768: madebe 38 ya lita 20 yaliyokuja yenyewe mlangoni, bila mtoto kukosa shule wala mama kuumia mgongo. Bila gata, maji hayo hayo huchimba chini ya ukuta wako. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo uyaelekeze katika tangi. Tangi nalo lifunikwe, mbu wasizaliane.

Je, asiye na fedha za haya yote? Mimi nasema, bila kuona haya, aezeke kwa nyasi. Paa la nyasi lililofungwa vizuri, lenye mwinamo mkali wa kupanda futi kwa futi, ni nyumba baridi mchana na yenye joto usiku, na mvua haipigi ngoma juu yake watoto wakashindwa kusoma. Moshi wa jiko huwafukuza wadudu, ndiyo maana nyasi za jikoni hudumu, ilhali moshi huo huo hulila bati kutoka chini. Sitaki kuficha ubaya wake. Moto ni adui, maji yake hayafai tangini, na nyasi zenyewe zimeadimika kwa kuwa mashamba yamegawanywa na kulimwa mpaka ukingoni. Lakini aliye nazo asijione mshamba kwa sababu jirani ana bati la geji 32 lenye rangi ya kijani.

Kulitunza paa ni kazi ndogo. Panda mara moja kabla ya mvua za masika na mara moja kabla ya vuli, siku kavu, ukikanyaga juu ya misitari ya misumari mahali palipo na mbao chini. Fagia majani, hasa nyumba ikiwa chini ya mikaratusi. Msumari uliolegea usiugonge tu urudi katika tundu lile lile. Ung'oe, utie mrefu zaidi au mnene zaidi, na mpira uliokauka ukate mwingine kutoka tyubu kuukuu. Kutu ikianza, ikwangue kwa brashi ya waya, upake rangi ya kuzuia kutu. Tundu dogo lizibe kwa lami. Sabuni na ubani wa kutafuna havizibi kitu zaidi ya wiki moja, ingawa nimeviona. Tundu kubwa lataka kiraka cha bati, ukingo wake wa juu uingizwe chini ya bati lililo juu yake, maji yasipate mlango. Mabati ya rangi yasikatwe kwa mashine ya kusaga. Cheche zake huchoma rangi na kuacha mbegu za kutu. Tumia mkasi wa bati.

Na kama umerithi nyumba ya zamani yenye paa la asbesto, usipande juu yake, maana huvunjika ghafula, wala usilibomoe kwa nyundo. Vumbi lake hudhuru mapafu, na ugonjwa huweza kuonekana baada ya miaka mingi. Uliza kwanza kwa NEMA jinsi ya kuliondoa.

Limebaki jambo la malipo. Fundi wa kulipwa kwa kuhesabu mabati aliyopigilia atakimbia kazi. Wewe pia ungekimbia. Patana naye kwa nyumba nzima, mwandike karatasi yenye idadi ya misumari na vifungo, na umzuilie sehemu ya fedha zake mpaka mvua moja kubwa inyeshe, uingie ndani na kutazama juu. Fundi mzuri hukubali. Akikataa, mtafute mwingine. Skimu zetu hazikosi mafundi.